Hadithi Inapompoteza Msomaji: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Msomaji akikurudishia mswada na alama pembeni, “hapa sikuelewa,” anakuonyesha mahali alipopotea. Kosa lenyewe mara nyingi liko nyuma, aya tatu au kurasa tano kabla. Ndiyo maana mwandishi anayeanza anaweza kukesha akisugua sentensi moja, akabadilisha maneno, akaongeza “ghafla” na “kwa hakika”, na kukicha sentensi bado ina ukungu ule ule. Amekuwa akitibu mahali pasipouma.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya vijana wa Lamu wanaoandika hadithi fupi na riwaya, na wenzao wa Malindi na pwani nzima. Naamini kwamba ukungu mwingi wa nathari hutokana na maamuzi ambayo mwandishi hakuyafanya mapema: ni nani anayeona, amesimama wapi katika wakati, na anasema Kiswahili kipi. Kwa hiyo chini ya kila dalili nitakurudisha kwenye uamuzi uliokosekana. Mifano yote ni ya hadithi moja ya kubuni: Nahodha Bakari, mkewe Bi Zuhura, na mpwa wake Shee, wanaozozana juu ya jahazi linalojengwa Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu.

“Nani huyu aliyesema?”

Dalili hii naiona kuliko zote, na Kiswahili kina sababu yake maalumu. Kiambishi a- humbeba mwanamume, mwanamke, mzee, mtoto na hata punda. Kiambishi -m- hivyo hivyo. Waweke watu wawili katika aya moja, sentensi tatu tu zatosha kuwachanganya:

“Bakari alimfuata Shee hadi forodhani. Alimwambia kuwa alikuwa amemwona akizungumza na mwenye mbao. Alikasirika, kwa sababu alijua kuwa hamwamini.”

Nani kakasirika? Mwandishi anajua kwa kuwa anawaona wote wawili kichwani mwake. Msomaji hana ila viambishi. Jipime hivi: funika sentensi ya kwanza kwa kiganja, usome zilizobaki. Ukishindwa kusema nani ni nani, na msomaji aliyeacha kitabu akaenda kuswali kisha akarudi atashindwa pia.

Wengi hukimbilia kurudia majina, Bakari na Shee, Bakari na Shee, mpaka aya ikawa kama daftari la mahudhurio. Dawa yenye nguvu zaidi ni usemi halisi, kwa sababu ndani ya alama za mtajo ni- na -ku- haziwezi kugombana:

“Bakari alimfuata Shee hadi forodhani. ‘Nimekuona na mwenye mbao,’ alimwambia. Shee alikasirika. Siku zote mjomba wake hakumwamini.”

Tazama kilichotokea. Usemi wa taarifa ulikuwa umewafanya watu wote kuwa “yeye”. Usemi halisi ukawapa kila mmoja nafsi yake. Popote unapoona “alimwambia kuwa” imefuatwa na vitenzi viwili au zaidi vya nafsi ya tatu, jaribu kwanza kumwachia mhusika aseme mwenyewe.

Kuna kosa la upande wa pili. Mwandishi akiogopa kurudia jina, humwita Bakari “nahodha”, kisha “mzee”, kisha “mjomba”, kisha “baba Fatuma”, na msomaji mgeni anahesabu watu wanne. Kanuni ninayowapa vijana ni hii: msimulizi amwite mhusika kwa jina moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na majina mengine yatoke vinywani na mioyoni mwa wahusika wenzake. Shee anamwita mjomba, mafundi wa Matondoni wanamwita nahodha, Bi Zuhura anamwita baba Fatuma. Msimulizi anamwita Bakari, basi. Katika mfano wa juu “mjomba wake” imekubalika kwa sababu sentensi ile imeingia moyoni mwa Shee. Ukiizingatia kanuni hii utapata faida ambayo hukuitafuta: kila mwito utamweleza msomaji ni nani anayemtazama Bakari wakati ule.

“Mzee huyo”, “kijana huyo”, “mwanamke huyo” ni lugha ya taarifa ya habari. Mara moja katika ukurasa haidhuru. Zikizidi, hadithi inageuka ripoti ya polisi.

Na jambo moja dogo lenye madhara makubwa: kitenzi chetu hakimwambii msomaji kama mhusika ni mwanamume au mwanamke. Ukiandika “Daktari alisimama mlangoni” halafu kurasa nne baadaye daktari akafunga buibui, msomaji analazimika kubomoa picha yote aliyojenga. Kama jinsia ina maana katika hadithi, iweke ndani ya aya ile ile ya kwanza, kwa jina, kwa vazi, au kwa namna watu wanavyomwamkia.

“Mara ni jana, mara ni sasa”

Hapa chanzo ni viambishi vya wakati, na kinastahili subira, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kuvitaja majina bila kufundishwa kazi yake katika kusimulia.

-li- huanzisha, -ka- hufuata. “Bakari alishuka ngazi, akavaa makubadhi, akatoka.” Kila -ka- inadai kwamba tendo lake limekuja baada ya lililotangulia. Kwa hiyo -ka- haiwezi kubeba hali iliyokuwapo tangu mwanzo. Ukiandika “Akatoka, na nje kukawa na giza,” umesema giza liliingia baada ya Bakari kutoka, kana kwamba alilileta yeye. Kama giza lilikuwapo, andika hivyo: “Akatoka. Nje kulikuwa na giza.” Kosa hili moja likirekebishwa mswada mzima, nusu ya malalamiko ya “sielewi mpangilio” huondoka.

Dalili nyingine ya -ka- ni ukurasa unaokimbia bila kupumua: akaenda, akakaa, akanywa, akalia, akalala. Kulia kumepewa uzito sawa na kunywa chai. Unapotaka msomaji asimame, kata mnyororo na uanze sentensi mpya kwa -li-: “Akaketi, akamimina kahawa, akaionja. Alilia.”

Sasa -me-. Hapa wahariri wengi wenyewe huharibu. Mwandishi ameandika, “Alipofika alikuta mashua imeondoka,” mhariri anasahihisha, “alikuta mashua ilikuwa imeondoka,” akidhani kila kitu katika hadithi ya zamani lazima kiwe na -li-. Si lazima. Baada ya kukuta, kuona, kusikia na kutambua, -me- husimama katika wakati wa mhusika, na humweka msomaji pale pale forodhani pamoja naye. “Ilikuwa imeondoka” humtoa nje, akamtazama mhusika kwa mbali. Zote mbili ni Kiswahili safi. Kosa ni kuzichanganya katika aya moja bila sababu, kwa kuwa msomaji anavutwa ndani na kusukumwa nje bila kujua anataabishwa na nini.

hu- nayo ina mtego. “Bakari huamka alfajiri kabla ya adhana” inamaanisha kwamba mpaka leo, unapoisoma, Bakari bado anaamka. Kama atafia baharini ukurasa wa tisa, umesema uongo ukurasa wa kwanza. Mazoea yaliyokwisha yanataka “alikuwa akiamka”, au “aliamka alfajiri kila siku”. Iache hu- kwa mambo yanayodumu: maji hujaa na kupwa, kaskazi huvuma, watu hufa.

Anayesimulia kwa -na- (“Bakari anashuka ngazi”) hana kosa, mradi aamue tangu sentensi ya kwanza. Anapokumbuka ya nyuma ataingia kwa -li-, na hapo ndipo wengi hupotea: kumbukumbu ikiisha, wanasahau kurudi kwenye -na-. Anayesimulia kwa -li- atafungua kisengere nyuma, yaani kurudi kwenye tukio lililopita, kwa “alikuwa ame-”, sentensi moja au mbili tu, kisha ataendelea kwa -li- ya kawaida. Ukurasa mzima wa “alikuwa amekwenda, alikuwa amesema, alikuwa amekataa” hauvumiliki. Kutoka ndiko kunakohitaji alama. Mrudishe msomaji kwa kitu alichokiacha katika tukio la sasa: kahawa iliyopoa, sauti ya nyundo za mafundi, mtu aliyekuwa akisubiri jibu.

Kwa siku na saa, kumbuka unawaandikia watu wa pwani na wa bara kwa pamoja. Kwetu usiku hutangulia mchana, na “usiku wa Ijumaa” ni ule unaoingia Alhamisi jua likitua. Msomaji wa Nakuru ataelewa vingine. Andika “Alhamisi baada ya isha”, na wote watafika usiku mmoja.

“Alijuaje?”

Msomaji akiuliza hivi, mtazamo umeruka. Soma:

“Bi Zuhura alikuwa ndani akikunja nguo. Pale dakani Bakari alikunja uso na kumkazia macho Shee, ambaye moyoni alikuwa akijuta.”

Aya imeanza na Bi Zuhura, kwa hiyo tumekaa naye. Lakini nyumba ya mawe ya Lamu haimruhusu kuona hayo. Kutoka dakani, kibaraza cha mlango wa nje, mtu huingia tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha kiwandani, ua wa ndani kunakoingia mwanga, kisha misana, zile kumbi ndefu, ndipo afike ndani. Mlango na tekani vimepangwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kwa wenye nyumba, na jicho la aliye ndani halifiki dakani vilevile. Bi Zuhura ana masikio tu. Mwandishi akilikubali hilo, aya inapata nguvu:

“Sauti ya Bakari ilikatika katikati ya neno. Bi Zuhura alisimama na kanzu mkononi, akasikiliza. Hakuna aliyejibu. Kisha makubadhi ya Shee yakashuka jiwe la daka, haraka kuliko yalivyopanda.”

Hatukuambiwa kuwa Shee anajuta, na huenda hajuti. Bi Zuhura hajui, nasi tunabaki naye katika kutojua kwake. Hapo ndipo msomaji anapoanza kutaka ukurasa unaofuata.

Namna ya kuitafuta kasoro hii katika mswada mrefu: pigia mstari kila kitenzi cha moyo na akili, alijua, alihisi, alikumbuka, alitamani, aliogopa, na pembeni andika jina la mwenye moyo huo. Ukurasa wenye jina moja ni salama. Wenye majina mawili, tazama kama kuna nafasi wazi au mapumziko yanayotenga tukio moja na jingine. Wenye matatu, rudi uamue tukio ni la nani. Mara nyingi ni la yule mwenye la kupoteza.

Tafuta pia mhusika anayejitazama kwa nje. “Macho yake mazuri yalilengwa na machozi” haliwezi kutoka kwa Bi Zuhura mwenyewe. Yeye anahisi moto machoni na nguo mbele yake imekuwa kivuli.

Kuna watakaosema kwamba ngano zetu zina msimulizi anayejua yote, kutoka mfalme hadi mdudu. Ni kweli, na ni urithi wa kujivunia. Ila sikiliza bibi akisimulia: sauti yake ipo tangu “paukwa”, anacheka, anamsema vibaya mhusika mjinga, anawauliza watoto swali. Msimulizi mjuzi ni mtu aliyeketi nasi, ndiyo maana tunampa haki ya kuingia kila moyo. Ukimtaka huyo, mlete aya ya kwanza na umsikilizishe. Usimfiche kurasa kumi halafu umtumie ukurasa wa kumi na moja kwa sababu umeshindwa kuonyesha jambo kwa njia nyingine.

“Bibi kabadilika ulimi”

Bibi wa Shee ukurasa wa pili anasema, “Ndoo hapa, mwanangu.” Ukurasa wa nane anasema, “Njoo hapa.” Msomaji wa Lamu anasimama papo hapo. Wa Dodoma huenda asigundue, lakini naye anahisi bibi amepoteza sura.

Chanzo ni woga. Mwandishi anaipenda Kiamu, lahaja ya Lamu, anapoikumbuka sauti ya nyumbani, kisha anaogopa kwamba watu wa mbali hawatamwelewa, anaisawazisha, kisha anaona haya, anairudisha. Amua mara moja. Ushauri wangu ni msimulizi asimulie kwa Kiswahili sanifu, na wahusika waseme kama wanavyosema. Ukiandika ndia, mato, mui, nti, yuu, tini kinywani mwa bibi, viandike hivyo mpaka mwisho wa kitabu. Usimpe bibi “mato” leo na “macho” kesho.

Usifafanue katika mabano. Tendo linalofuata lifafanue: bibi akisema “Ndoo”, mtoto na amsogelee, wala hakuna atakayewaza ndoo ya maji. Na usimpe kila mtu Kiamu. Bibi kwa mjukuu, naam. Fundi wa Matondoni kwa fundi mwenzake, naam. Mwenye mbao aliyekuja kutoka Malindi anaweza kuwa na ulimi wake, na Shee aliyesoma Nairobi anaweza kubadilisha lugha akiongea na mjomba na akiongea na simu. Mabadiliko hayo yana maana, yanamwambia msomaji nani anamheshimu nani. Yasiyo na maana ndiyo yanayochafua.

Weka karatasi moja kando ya mswada, uiandikie kila uamuzi: maneno ya Kiamu ya kila mhusika, namna ya kuandika majina (Khadija au Hadija, usitumie yote mawili), “punda zangu” au “punda wangu” kwa wingi, saa kwa tarakimu au kwa maneno. Unaposahau, itazame karatasi, usitegemee kumbukumbu. Kompyuta itakusaidia kutafuta kila “Hadija” iliyopenya, lakini haiwezi kukuamulia.

“Jua limezama upande gani?”

Ukitaka msomaji wa Lamu aache kuiamini hadithi yako, andika kwamba wapenzi walikaa forodhani wakitazama jua likizama baharini. Mji wa Lamu umekielekea kisiwa cha Manda, na Manda iko mashariki. Jua linachomoza upande wa bahari na kutua nyuma ya mji, mashambani. Malindi hali ni hiyo hiyo. Nimeona machweo ya baharini katika hadithi nyingi mno za pwani yetu, na nadhani yametoka katika picha za bahari za nchi nyingine.

Huenda ukaniambia hilo ni jambo la jiografia, halihusu nathari. Linahusu sana. Uthabiti wa usimulizi ni ahadi kwamba ulimwengu wa hadithi una sheria, na msomaji wa pwani anazijua sheria za maji kuliko anavyojua sheria za sarufi. Akikukamata kwenye maji, hatakuamini kwenye moyo wa Bi Zuhura.

Tuchukue tukio zima. Mwandishi ameandika kwamba usiku wa mwezi mpevu, saa tano, maji yakiwa yamejaa pomoni, Shee aliliiba jahazi. Mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, kwa hiyo kujaa pomoni ni sawa. Tatizo ni saa. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa sana karibu na saa nne au tano, asubuhi na usiku. Saa tano ya usiku ule chombo kingekuwa kimekaa mchangani. Mwandishi ana njia mbili. Aidha wizi usogee hadi alfajiri, na hapo adhana inaweza kumkuta Shee njiani, jambo linaloongeza hofu bila gharama. Au mwezi uondoke: karibu wiki moja baada ya mwezi mpevu yanakuja maji mafu, kujaa kunaangukia saa nne au tano, lakini ujao wake ni mdogo, na jahazi zito linaweza lisielee. Njia zote mbili ni hadithi nzuri kuliko ile ya kwanza.

Hesabu ya kukumbuka ni rahisi: kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kumi hivi, na kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Kama sura ya tatu maji yalijaa saa kumi jioni, sura ya nne, kesho yake, yasijae adhuhuri. Mashua za kwenda Pate na Faza zinazopita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, huyasubiri maji haya. Nahodha wako asipoyasubiri, mweleze msomaji kwa nini.

Mwezi mwandamo huonekana magharibi mara tu jua linapotua, na haukai. Usiuweke juu ya Manda. Mwezi mpevu ndio unaochomoza upande wa Manda, wakati wa magharibi.

Upepo: kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni ya Desemba hadi Machi hivi; kusi, upepo wa kutoka kusini, huanza Aprili na kukolea Juni na Julai. Jahazi linalotweka tanga Lamu mwezi wa Julai kuelekea Mombasa linakabiliana na upepo usoni. Ukisema lilisukumwa kwa raha, mabaharia wote watafunga kitabu. Na usiifunge miezi ya Kiislamu kwenye misimu. Ramadhani ya 2014 iliingia mwishoni mwa Juni, wakati wa kusi, na ya 2024 ikaingia Machi, kaskazi ikielekea ukingoni. Kama hadithi yako ina mwaka, angalia kalenda kabla ya kuandika kwamba Maulidi yaliangukia mvua za masika.

“Sentensi imenichosha”

Hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa tiba ni ya haraka. Tafuta “amba-”. Sentensi yenye mbili ikate. “Jahazi ambalo lilijengwa na mafundi ambao walitoka Siyu” inakuwa “Jahazi lilijengwa na mafundi wa Siyu”. Kisha tafuta “kitendo cha”, “suala la”, “hali ya”. “Kitendo cha Shee kuondoka kilisababisha hali ya huzuni kwa Bi Zuhura” ni barua ya ofisi. “Shee aliondoka. Bi Zuhura hakula” ni hadithi.

“Inaimba, lakini haiendi”

Lamu ni mji wa washairi, na wengi wetu tulipenda mizani kabla ya kupenda aya. Tukiandika nathari, sikio linatudai vina: “Akashika njia, huku akilia, moyo waumia, pa kushikilia hakupaona.” Inapendeza ikisomwa peke yake. Ikiwa ukurasa mzima, msomaji anasikiliza mlio na kuacha kufuata tukio. Ushairi pia umetupa ruhusa ya kuboronga sarufi, kufupisha neno na kugeuza mpangilio, na ruhusa hiyo nathari haina. “Mlango kaufunga Bakari” iwepo tu kama mlango ndio habari.

Sikushauri uliue sikio hilo. Lipe kazi nyingine: urefu wa sentensi. Baada ya sentensi ndefu mbili weka fupi, na usikie kama pumzi inatua mahali tukio linapotua. Somea mtu kwa sauti, ikiwezekana mtu asiyeandika, mkiwa mmekaa baada ya alasiri. Usimtazame usoni, tazama karatasi yako na uweke nukta kila mahali ulimi wako mwenyewe ulipojikwaa. Ulipojikwaa mara mbili, andika upya bila kuitazama sentensi ya zamani.

“Bado sijui kuna nini hapa”

Umepanga nafsi, umepanga wakati, mtazamo haujaruka, maji yamejaa saa yake, sentensi ni fupi na safi. Msomaji bado anasema hakuelewa. Chanzo kilichobaki ni kigumu zaidi kukubali: huenda mwandishi mwenyewe hajui nini kimetokea katika tukio hilo. Aya zenye ukungu wa aina hii zina dalili yake, zimejaa “kwa namna fulani”, “kitu kama”, “alihisi jambo asiloweza kulieleza”.

Acha mswada. Chukua karatasi nyingine na ujibu kwa sentensi moja ya kawaida, kama unavyomweleza jirani: Bakari alitaka nini alipoingia, na alitoka na nini? Kwa mfano, “Bakari alikuja kudai hati ya jahazi, akaondoka amejua mkewe ndiye aliyempa Shee.” Ukiipata sentensi hiyo, rudi kwenye tukio ufute kila kisichoielekea. Usipoipata, usiguse maneno kwanza. Nenda ukaulize kila mhusika anataka nini, ukianza na yule aliyenyamaza zaidi, na kwa Bakari na Shee huyo ni Bi Zuhura.